Ndege ya Dawa na Nyumba ya Saba

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mngurumo angani, hata ukiwa ni wa ndege ya abiria inayojipitia zake huko juu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeteremka kutoka kwetu Isansa kwenda bonde la Momba kufanya kibarua, na nilijiona mtu wa maana kuliko wote niliowakuta kule.

Msimu ule kwelea, wale ndege wadogo waendao kwa makundi makubwa, walivamia mtama. Shamba lililokuwa limejaa asubuhi, jioni lilibaki mabua. Ndipo ikaletwa ndege ya kunyunyizia dawa. Nyinyi wa leo mngeicheka. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yameshikanishwa kwa nguzo na waya. Rubani, mtu mpole asiyechoka kuulizwa, alinieleza kwamba mabawa yale ndiyo yaliyoiwezesha kubeba dawa nzito, kuruka kutoka kwenye kiwanja kifupi cha vumbi, na kwenda polepole karibu na ardhi bila kuanguka. Tangi la dawa lilikaa mbele ya kiti chake. Chini ya tumbo palikuwa na pangaboi dogo lililozungushwa na upepo, nalo lilisukuma dawa hadi kwenye bomba refu lenye matundu, chini ya bawa la chini. Kiti kilinyanyuliwa ili aone vizuri. Hata hivyo, nani ameambiwa na nani hajaambiwa, hilo rubani hawezi kuliona. Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi wa chini.

Jioni nilitakiwa kushika bendera kwenye ukingo wa matete walikolala kwelea, rubani ajue pa kupita. Lakini kabla ya hapo bwana shamba aliyesimamia kazi alinipa karatasi yenye nyumba saba, nizungukie zote niwaambie watu: funikeni maji, zuieni mifugo, na ndege watakaokufa msiwaokote. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa kubwa, maana kule kwelea ni kitoweo. Watu huwatega, huwakaanga, na watoto huwapenda sana. Mtu akiwakuta wamelala chini, tele, atashukuru Mungu na kwenda kuchukua ungo.

Nilifika nyumba sita. Ya saba ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa Mama Kabula, mke wa mfugaji wa Kisukuma ambaye wakati huo alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Ilikuwa mwendo wa saa nzima. Na kiwanjani palikuwa na mpiga picha kutoka Tunduma, na rubani alikuwa amesema nikiwahi kurudi nitakaa kwenye kiti chake nipigwe picha. Basi nikaweka alama ya vema kwenye nyumba ya saba, nikageuza. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Picha nilipigwa. Jioni ndege ikapita juu ya matete, nami nikapunga bendera kwa maringo.

Kesho yake asubuhi Mama Kabula aliokota kwelea, akakaanga. Kufika mchana binti yake Kabula, mtoto wa miaka minne, alikuwa anatokwa mate na kutetemeka mwili mzima. Gari letu likamkimbiza hospitali, akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Siku chache baadaye baba mkwe wa yule mama alikuja kiwanjani na wazee wenzake, naye mama akiwa nyuma yao. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: je, mkwewe aliambiwa?

Bwana shamba akafungua karatasi yangu. "Hapa inaonyesha walifikiwa. Kijana, ulifika?"

Mama Kabula akanitazama. Hakuwa na hasira. "Kaka yangu, sema tu. Kwetu ulikuja lini?"

Ningeweza kusema. Ningefukuzwa kibarua, basi, yakaisha. Badala yake nikasema, "Nilifika. Nilimkuta yeye mwenyewe."

Yule mzee akatikisa kichwa. Kwa macho yake, huyu sasa alikuwa mwanamke aliyeonywa akalisha mtoto sumu, kisha akasema uongo mbele ya wazee. Kabla ya mavuno Mama Kabula alirudishwa kwao. Kwa kuwa mahari ya ng'ombe ilikwisha kutolewa, watoto watatu walibaki kwa baba yao, na Kabula alikuwa mmoja wao.

Nilinyamaza miaka kumi na minne, mwanangu. Nilioa, nikapata watoto, nikawa mzee wa kanisa. Kisha siku moja nikamkuta Mama Kabula sokoni Chapwa anauza maharage, nywele zimeanza mvi. Nikachuchumaa pale pale nikamweleza yote.

Alinisikiliza huku akichambua maharage yake. Kisha akasema, "Mimi nilijua siku ile ile kwamba hukuja. Hayo ulipaswa uwaambie wao."

Nikamwambia nitakwenda kwa wakweze. Akaniambia mzee alishakufa, na mumewe alihama na mifugo, watoto pamoja naye, hata yeye hajui ni wapi. Akanipimia maharage. Nilipotaka kumwachia chenji, akakataa.

Ile picha bado ninayo. Nimekaa ndani ya ndege, ninacheka.

Kwa hiyo nakusihi, ukitumwa kuonya watu, fika hadi nyumba ya mwisho, hata kama hakuna atakayekuangalia. Na siku utakapokosa kufika, sema mapema, na sema mbele ya wale wanaomhukumu mwingine kwa kosa lako. Mimi niliungama, lakini kwa mtu ambaye hakuhitaji kuambiwa. Mungu akupe miguu ya kufika, mwanangu, na usipofika, akupe mdomo wa kusema ungali na wa kumwambia.