Miguu ya Uyoga

Uyoga ukianza kuiva hutoa harufu ya udongo uliolowa, na harufu hiyo ikinifika puani mimi si mama wa watu tena. Nina miaka tisa, nimechuchumaa jikoni kwa Bibi kule Kwihara, na ninamchukia, jamani, ninamchukia kwa moyo wangu wote.

Niwaambie ukweli, Bibi yangu alikuwa na wasiwasi usiokuwa na likizo. Wingu likitanda, wasiwasi. Baba akichelewa kurudi na baiskeli kutoka Tabora mjini, Bibi yuko njiani, kiganja juu ya macho. Lakini kesi kubwa ilikuwa uyoga. Mvua zikianza, watoto tuliingia porini kwenye miyombo, na sheria yake ilikuwa moja tu: uyoga uje nyumbani na mguu wake na udongo wake, maana wa sumu hujulikana kwa mguu. Aliumwaga wote kwenye ungo, akaugeuza mmoja mmoja, akanusa, akauliza, "Huu umeutoa chini ya mti gani?" Ukisita tu, unatupwa. Njaa inauma, na bikizee ananusa! Kichinichini tulimwita Hakimu.

Jumapili moja Shangazi, bintiye Bibi, alikuja kututembelea kutoka Igunga. Nilimpenda Shangazi kupita kiasi. Alinukia losheni, na kicheko chake kilisikika hadi kwa jirani. Bibi alikuwa bado kanisani, nikaona leo ndiyo leo. Nilikwenda porini na mdogo wangu Shija, tukarudi na kikapu tele. Kisha, kwa kutaka sifa, nikaleta umaridadi: nikakata miguu yote, nikauosha uyoga ukawa mweupe pe, nikaupika kwa karanga za kutwanga. Miguu niliitupa uani, kuku wakaichakura.

Tulikuwa tumeshanawa. Shija, ambaye subira hakuzaliwa nayo, alikuwa ameshachovya tonge. Bibi akatokea mlangoni, Biblia kwapani.

"Shikamoo Bibi," nilisema kwa madaha.

Alichungulia chungu. "Uyoga huu umechaguliwa na nani?"

"Mimi."

"Miguu yake iko wapi?"

Nilionyesha kuku kwa kidole. Bibi alipiga hatua mbili, akampiga Shija mkono, tonge likaruka. Kisha akakishika chungu kwa kanga, cha moto vile vile, akaenda kukimwaga chooni.

"Mama naye!" Shangazi alicheka. "Wasiwasi utakuua kabla ya huo uyoga."

Bibi alirudi na chungu kitupu. Nami, kwa aibu na hasira, nikamfokea mbele ya mgeni: "Wewe Bibi mwoga tu!"

"Ndiyo, mjukuu wangu," alisema. "Nichukie, lakini kesho uamke."

Tulikula ugali kwa chumvi. Hadi leo sijui kama uyoga ule ulikuwa mbaya. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililonikera miaka mingi, chungu kizima kumwagwa kwa sababu ya neno huenda.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikuwa nakariri tu darasani. Sasa nawaza kwamba sisi sote tunaopumua ni wajukuu wa waoga. Zamani sana, kabla hata misafara haijakanyaga njia ya Kwihara, lazima alikuwapo jasiri aliyekula bila kuuliza. Huyo hakuacha mjukuu wa kumsimulia. Aliyesita akanusa ndiye aliyetuzaa, akaturithisha na moyo wake unaodunda hovyo. Mara nyingi unadunda bure. Siku moja si bure, na mtu hajui ni ipi.

Siku hizi nanunua uyoga wa kulimwa, usio na kosa lolote, na bado naugeuza mmoja mmoja. Binti yangu anaguna, "Mama, watu tuna njaa!" Namwacha agune. Shija ana watoto wanne, na wakija kwangu kula hapasikiki neno kwa makelele. Hapo ndipo ninapomkumbuka Bibi. Nakula nipendacho, wala hakuna tena anayeniuliza nimekitoa chini ya mti gani.

Laiti angetokea mlangoni mara moja tu, Biblia kwapani. Ningempelekea ungo mwenyewe. Shikamoo Bibi. Miguu yote hii hapa, na udongo wake, sijatupa hata mmoja.