Mshonaji wa Bambari na Uso wa Jenerali

Ukungu wa mto Ouaka bado umelala barabarani, na Yassimbo Ndakala amekaa mbele ya cherehani yake kama mtu aliye usingizini. Mkononi ana mkasi. Mezani Jenerali anamtazama, nyuso zake kibao zilizochapwa kwenye kitambaa kimoja.

Kitambaa hicho cha zamani kimeletwa na Nadège, binti anayejiandaa kuolewa, aliyekirithi kwa nyanya yake. Anataka gauni.

"Kata popote, Bibi."

"Popote? Wewe mtoto una raha zako!"

Enzi zile hakukuwa na popote. Jenerali alipotwaa nchi alikuwa kepteni mwembamba, akiwaomba wananchi redioni wavumilie kidogo tu. Kila sherehe ya mapinduzi ilikuja na kitambaa kipya: cheo kikapanda, mashavu yakajaa, nishani zikateremka hadi kiunoni. Kina mama walilazimishwa kukivaa, na mafundi walijua masharti. Mshono usipite usoni, na uso usiangukie makalioni, Mkuu asije akakaliwa.

Yassimbo aliteleza mara moja. Sketi aliyomshonea mke wa mkuu wa mkoa ilipita gwarideni, uso wa Jenerali ukicheza nyuma kwa kila hatua. Watu wakaangua kicheko. Askari walipokuja kubisha hodi, mumewe Ngandi, seremala asiyejua hata kutunga uzi sindanoni, alitangulia mlangoni.

"Nimekata mimi," akasema.

Wakamchukua, hakurudi. Jenerali naye alipinduliwa, akafia ugenini. Yassimbo humwota Ngandi amesimama uani, kijana vilevile, akiulizia shati lake. Ndugu walitaka kuzika nguo zake, kama afanyiwavyo mtu aliyepotea, ili apumzike. Alikataa katakata.

"Niliona nikilizika lile shati, nimemfungia mlango mwenyewe," anasema, machozi yakimlengalenga.

Mkasi unagusa ukingo wa kitambaa, unarudi.

"Bibi, huyo Jenerali si alishakufa?"

"Najua. Huu mkono ndio hauna habari."

Kisha anavuta pumzi, anakata. Kidevu, mdomo, jicho. Hakuna anayebisha hodi. Nje muuza mihogo anaita wateja wake. Nadège anacheka, Yassimbo naye anacheka, halafu analia waziwazi.

Gauni litakuwa tayari Jumamosi. Jumapili, anasema, atawaita ndugu wa Ngandi na kulitoa shati sandukuni.

"Kama nimeweza kumkata yule, nitaweza kumzika wangu."