Mtoto Aliyesinzia Wiki za Mbalamwezi

Nilirudi Kigoma na stashahada ya umeme niliyoilipia mwenyewe, kwa kubeba zege mchana na kusoma jioni huko Dar es Salaam, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Katika ukoo wetu wa Mwandiga mimi ndiye wa kwanza. Nimeitia kwenye fremu, nikaitundika juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni akikaa tu anaiona.

Nyumba yangu iko Katubuka. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, vigae sebuleni. Binti yangu wa pekee, mwenye miaka saba, ana chumba chake, kitanda cha mninga, godoro la inchi sita na chandarua cha bluu. Mimi nilikua nikilala kwenye mkeka na ndugu watano, tukivutana shuka moja. Siku seremala alipokileta kile kitanda nilisimama mlangoni nikikitazama mpaka mke wangu akaniuliza kama nasubiri kiseme.

Yote hayo yametoka kwenye taa. Ninatengeneza taa za betri za kuvulia dagaa, na wavuvi kuanzia Bangwe hadi Kibirizi waliokuwa wakihangaika na karabai sasa wanaijua baraza yangu. Dagaa hufuata mwanga katika giza. Mbalamwezi ikitoka, ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, mitumbwi inapumzishwa. Ndipo wavuvi wanaponiletea taa zilizoharibika. Wiki hizo baraza yangu hujaa watu.

Ng'ambo ya ua wa michongoma anaishi mama mmoja anayekausha dagaa. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye kazaliwa Ujiji, na mumewe ni mvuvi. Wamepanga vyumba viwili, bati limetoboka, umeme hawana. Watoto wao wanne wanalala kwenye godoro moja lililobonyea katikati. Wa pili, msichana, alikuwa darasa la kwanza na binti yangu, dawati moja.

Watoto wale walikuwa wanalala. Naandika hivyo kwa sababu ndilo jambo lililoniuma kuliko yote. Jua likianza kushuka juu ya milima ya Kongo, kwao wameshakula ugali. Wananawa miguu kwa zamu kwenye beseni moja, mama anafunga mlango kwa kuwa alfajiri lazima awe mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kununua dagaa, na hapo kimya kinaanza. Nilikuwa nasimama karibu na ua nikikisikiliza kimya kile. Kwangu, binti yangu alikuwa macho, anacheka, anadai maji, anataka katuni. Nilimpa kitanda ambacho jirani yangu hatakipata, na jirani yangu alikuwa na kitu nilichoshindwa kumpa mwanangu.

Mwalimu aliniita shuleni.

"Mzazi, mtoto anasinzia," alisema. "Nikimwita anainua kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Akiendelea hivi mtihani wa mwisho wa mwaka hatauweza, na mimi nitamwacha arudie darasa."

"Nyumbani ana kila kitu, Mwalimu."

"Sijakataa. Ila mwenzake wa dawati ndiye anayemwamsha. Yule yuko macho tangu kengele ya kwanza. Hebu kaulize kwao wanamlisha nini."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima sikumfikiria binti yangu. Nilimfikiria yule mtoto wa jirani, na macho yake makavu, na nikamchukia kidogo. Alikuwa mtoto wa miaka saba. Siyo jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mke wangu ndiye aliyegundua kuwa binti yetu husinzia zaidi wiki za mbalamwezi. Mama yangu alipopata habari, alikuja kutoka Mwandiga siku hiyo hiyo.

"Mwezi unamchukulia usingizi," alisema. "Nipe mtoto, yuko bibi kule anajua dawa yake."

"Mama, mimi nimesoma."

"Kusoma kwako kumemlaza?"

Sikumpa mtoto. Nilimpeleka hospitali, akapimwa malaria, akapimwa minyoo, hakuonekana na lolote. Hata hivyo maneno ya mama yalinibakia akilini. Nikaamua kuwa tatizo ni mwanga wa mwezi kupita dirishani, nikanunua pazia zito, nikaagiza lishonwe mara mbili. Mbalamwezi iliyofuata chumba kilikuwa cheusi kama chungu, na mtoto akasinzia kupita zamani.

Jioni moja ya wiki hizo wavuvi wanane walikuwa barazani kwangu. Taa sita zilikuwa zinawaka mezani, nazijaribu moja baada ya nyingine, na televisheni inasema ndani. Binti yangu alikuwa amekaa katikati yao na waya wa kupimia, maana nilimzoeza. Walimwita fundi mdogo, wakamnunulia maandazi, nami nilivimba kichwa. Alikuwa haondoki pale mpaka mteja wa mwisho aondoke. Jirani akaingia na taa ya mumewe kwenye ndoo.

"Habari za jioni, Fundi."

"Njema, jirani."

Akamtazama binti yangu. "Huyu halali?"

"Huyu ni msaidizi wangu."

"Wangu wamelala," akasema, kama mtu anayesema kuwa maji yametoka bombani.

"Wako hawana cha kukeshea."

"Hawana," akakubali. "Baba yao alitaka kuileta taa hii ndani wiki za mbalamwezi, eti watoto wasomee. Nikamkatalia. Taa kazi yake kuwaamsha dagaa walioko chini wapande juu. Ukiiwasha ndani, hawa wanne nao watapanda." Akazihesabu taa zangu kwa macho. "Wewe umewasha sita, Fundi. Kwa mtoto mmoja."

"Fundi anavua binti yake kama dagaa," mvuvi mmoja akasema.

"Na kampata," akadakia mwingine. "Hebu mtazame macho."

Walicheka wote, na binti yangu akacheka pamoja nao, macho mekundu. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi. Mwezi ulikuwa hauna kosa. Pazia halikuwa na kazi. Kila mbalamwezi mimi ndiye niliyemkeshesha mwanangu kwa mikono yangu, kisha nikazunguka kutafuta mchawi wake dirishani.

Ningeumia kidogo kama ningeambiwa na daktari. Kuambiwa na yule mama, mbele ya wateja wangu, kuliniumiza wiki nzima.

Nilikodi kibanda Kibirizi nikahamishia kazi huko, mchana. Wavuvi walinung'unika kuwa nawakatishia usingizi wa mchana waliouzoea. Nikawaambia aliye na haraka asubiri. Televisheni ikawa inazimwa kabla ya chakula, chakula kikawa kinaliwa jua likiwepo, na mke wangu akanunua beseni la kunawia miguu bila kuniuliza. Lilikuwa jipya, kubwa kuliko la jirani. Nililipima kwa macho nikaridhika. Mtoto alilia siku nyingi akiwadai wavuvi wake. Mbalamwezi ya kwanza bado alisinzia. Ya pili, mwalimu alimwambia mke wangu kuwa sasa anamwona macho. Alipolala mapema kwa mara ya kwanza nilikwenda mara tatu kuhakikisha kama anapumua.

Siku ya kufunga shule mwishoni mwa mwaka nilikaa nyumbani makusudi, nimevaa shati la kutokea, nikasimama getini. Alikuja mbio na ripoti mkononi. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akapenya kwenye michongoma.

"Mama," nikamsikia akimwambia jirani, "nimefaulu. Naenda la pili. Na sikusinzia."

Yule mama alikuwa akichambua dagaa. Alifuta mikono kwenye khanga, akaipokea karatasi, akaanza kuisoma kwa kidole, neno kwa neno, binti yangu akiwa ameegemea bega lake na mtoto wake, yule wa dawati moja, akiegemea la pili. Alisoma taratibu mno. Nami nilisimama upande wangu wa ua, mkono bado nimeunyoosha, nikingoja amalize.