Vipimo vya Mvua ya Aprili

Katika shule yetu ya sekondari karibu na Thika, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilipopamba moto, kabati la kemikali lilitiwa kufuli mbili. Wakubwa waliogopa tungetengeneza baruti. Mwalimu wetu wa sayansi, Mzungu mwembamba wa kaptura na soksi ndefu, alibaki na mizani, vipimajoto vitatu na rula. Alisema mvua haifungiwi kabatini, akatutoa nje.

Tulitengeneza vipimamvua kwa mikono yetu. Kila mmoja alitafuta mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kuta zilizonyooka, akaukatia faneli ya bati. Mdomo wa faneli ulipaswa kulingana na mdomo wa mkebe, la sivyo kipimo kingedanganya. Niliharibu mikebe miwili. Wa tatu mwalimu aliuinua juani akitafuta tundu, akasema, "Huu utasema kweli." Hakuwa mtu wa kusifu.

Kazi ya likizo ya Aprili ilikuwa kupima mvua kila asubuhi na kila jioni, kwa wakati uleule.

"Kipimo kisicho na saa ni uvumi," alisema.

"Na sisi tusio na saa, Bwana?" nilimuuliza.

Kengele ilikuwa inalia na yeye alikwisha kufika mlangoni. "Tafuteni jambo linalotokea wakati uleule kila siku. Liandikeni kando ya kipimo."

Nyumbani kwetu upande wa Ruiru watu walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja, nyumba zikibanana, handaki likizunguka, na mnara wa homugadi, walinzi wenyeji wa serikali, ukitutazama. Baba alikuwa kizuizini. Nilifukia mkebe mahali palipo wazi, nikaanza kutafuta jambo lisilobadilika. Jua lilifichwa na mawingu. Kengele ya shamba la kahawa ilipigwa kwa matakwa ya mnyapara. Jambo pekee lililokuja kwa wakati wake lilikuwa filimbi ya homugadi wakibadilishana zamu, alfajiri na jioni.

Basi niliandika: "Zamu yabadilishwa. Mvua, sehemu nne za kumi za inchi." Siku ya tano filimbi ilipigwa mara mbili, nikashindwa kujua ipi ilikuwa ya zamu. Tangu hapo nilihesabu pia watu, ili nisikosee: "Sita washuka mnarani, wanne wapanda. Mvua, sehemu mbili." Niliandika hivyo kwa wiki mbili na nusu, kwa wino, nikiona daftari langu limewashinda wenzangu wote.

Ili nirudi shuleni nilihitaji barua ya hedimani, mkuu wa kijiji, yenye muhuri. Bila barua hiyo hakuna kijana wa kijiji chetu aliyeruhusiwa kuvuka hata daraja la handaki. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, homugadi walifanya msako, na mmoja wao akalitoa daftari chini ya godoro langu la majani.

"Hii ni nini, wewe kihii?"

Nilikuwa nimetahiriwa miaka miwili nyuma, na yeye alijua. "Ni mvua," nilisema.

"Mvua! Ati wanne wapanda. Mvua imeanza lini kupanda mnara?" Wenzake wakacheka. "Twende, profesa. Ukamsomee hedimani."

Hedimani alikuwa mzee wa kanisa, na zamani shamba lake lilipakana na la baba. Alisoma kurasa zote polepole, kidole kikifuata mistari.

"Nani alikutuma uhesabu walinzi?"

"Mwalimu alisema tuandike jambo lisilobadilika, mzee. Mimi sina saa."

Alifunga daftari. "Mwalimu wako aje aseme hivyo kwa kinywa chake, nitakupigia muhuri. Asiposema siwezi. Na mimi nina wakubwa wangu."

Mwalimu aliitwa, akaja baada ya siku mbili kwa gari lake. Nilikuwa nimevaa kaptura na shati la shule, mama amevipiga pasi ya makaa. Hedimani alimpa kiti na daftari. Mwalimu alilisoma akiwa amesimama.

"Bwana, wewe ndiye uliyemwambia aandike habari za walinzi?"

"Hapana," mwalimu alisema. "Nilimwagiza apime mvua."

Hilo lilikuwa kweli. Nilingoja aongeze sentensi ya pili, ile aliyoisema mlangoni. Nilimtazama usoni, na nina hakika aliikumbuka, kwa sababu alirudi ukurasa wa kwanza akausoma tena. Nje, homugadi walikuwa wamesimama na bunduki zao. Hedimani naye alisubiri, kalamu mkononi, nafikiri kwa kunitakia mema.

"Vipimo vyenyewe ni vizuri," mwalimu alisema. Aliliweka daftari mezani.

Hedimani aliusogeza muhuri pembeni. Aliniambia nishukuru kwamba hanipeleki kambini kwa baba.

Nilimsindikiza mwalimu hadi kwenye gari. Aliingia, akashika usukani.

"Pole," alisema.

"Asante, Bwana," nikajibu. Tangu hapo nimesoma vitabu vingi peke yangu, vya fizikia na vya hali ya hewa, na hakuna kilichonieleza kwa nini nilimshukuru.

Mama alikuwa mlangoni.

"Amesema nini?"

"Amesema pole."

Alinitazama kuanzia kola hadi viatu. "Si ungeandika tu 'asubuhi'?" alisema. "Haya, vua hizo nguo kabla hazijachafuka. Mtoto wa jirani anaingia sekondari mwakani, zitamfaa. Kesho unatoka na sisi kwenye kazi ya lazima."