Mkono wa Dada Motoni

Wiki iliyopita nilifika kijijini kwetu, upande wa Chala, nikasimama pale palipokuwa jiko la bibi. Siku hizi pamepandwa maharage. Nyumba ya pili mtu alikuwa ameunguza uji wa ulezi, na harufu iliponifikia vinyweleo vilisimama kabla sijajua ninawaza nini. Ndivyo tulivyoumbwa, rafiki yangu. Harufu ina njia yake ya mkato kwenda pale ubongo unapotunza hofu na mambo ya zamani.

Jiko lenyewe lilikuwa la nyasi, jeusi kwa masizi. Mavuno yakiisha na upepo wa Ufipa ukianza kukata masikio, sote tulihamia humo. Bibi alisonga ugali, sisi tulichambua maharage na kugombania nafasi karibu na mafiga. Dada alikaa karibu kuliko wote. Alinizidi miaka minne, na alikuwa na kifafa. Bibi hakulitaja jina hilo hata mara moja. Alisema mtoto ana kizunguzungu, na wageni wakija alimwambia akae chumbani.

Siku moja bibi alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya, nami nilikuwa natoka kisimani. Nilipofika uani nilimwona jirani yetu amesimama kwenye mlango wa jiko, ungo aliokuja kuazima ukiwa mkononi. Alikuwa anatazama ndani tu. Nikachungulia chini ya kwapa lake. Dada alikuwa chini anatetemeka, povu mdomoni, mkono wa kushoto ndani ya makaa, na uji wa ulezi ukiungua mafigani. Nilitupa ndoo, nikamvuta kwa miguu, nikamlaza mapajani mwangu.

Jirani alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nisingeweza kumgusa. Lile povu linaambukiza, na mimi nina watoto."

Akaondoka na ungo. Vidole vitatu vya dada vilipona vikiwa vimeshikana.

Tangu siku hiyo sikumpa jirani yule shikamoo. Bibi alinichapa kwa utovu wa adabu, akanichapa tena, na bado nilipita mbele ya yule mama kama ninayepita kisiki.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wa sayansi alichora uti wa mgongo ubaoni. Alisema ukigusa chungu cha moto, habari hupanda kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na amri hurudi hapohapo: mkono unakimbia kabla ubongo haujajua kuna moto. Nikanyoosha kidole nikauliza kwa nini mkono wa dada yangu haukukimbia. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba seli za ubongo husemezana kwa umeme mdogo mdogo, kila kundi kwa zamu yake. Kifafa kikishika, nyingi hupiga kelele kwa pamoja, misuli yote inakaza, na ile amri ya kukimbia haipati nafasi. Povu ni mate tu, akasema, yaliyokosa kumezwa. Halimwambukizi mtu.

Kumbe jirani alisimama pale mlangoni bure. Hapo ndipo chuki yangu ilipopata elimu. Nilisoma uuguzi, na nisikudanganye kwamba ulikuwa wito.

Mwaka jana yule jirani alikuja kwenye zahanati ninayofanyia kazi, amezeeka, amemleta mjukuu wake wa kike. Hakunitambua. Kabla sijaandika chochote mtoto alianguka kwenye benchi akaanza kutetemeka, na watu wote wakarudi nyuma, na yeye pia. Nilijua la kufanya. Nilisogeza benchi, nikapiga magoti hatua moja kutoka kwa mtoto, tayari, kisha nikamwambia bibi yake, "Mlaze ubavu. Mshike wewe, kwa mikono yako."

Alisitasita. Nikarudia. Akamshika, povu likamlowesha viganja. Mtoto alipotulia nilimuuliza mbele ya watu wote, "Limekuambukiza?"

Akanitazama sana. Akajua mimi ni nani. Akainamisha kichwa akalia, nami nikamwacha alie. Mtoto nilimpa dawa na tarehe ya kurudi. Ilikuwa tamu, rafiki yangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kizwite, kwa dada, kumpelekea ushindi wake. Anakunywa dawa, ana genge la mboga, ana miaka mingi hajaanguka. Alinisikiliza huku anakata mchicha kwa vile vidole vyake. Nilipomaliza akauliza, "Jirani gani?"

Nikamkumbusha mlango, na ule ungo. Akatikisa kichwa. Ubongo ukiwa kwenye dhoruba ile hauandiki kitu. Mimi mwenyewe huwaeleza hivyo wagonjwa kila wiki.

"Mimi nakumbuka kuamka nimelala mapajani kwako," alisema. "Hilo lingine ni lako."

Bibi amekufa, jiko limelimwa, na yule mama naye hatakaa sana. Siku itafika ambapo mlango ule utakuwa umebaki kichwani mwangu tu, na yeye amesimama pale, anatazama. Wengine wangeomba kusahau. Mimi bado sijaomba.