Daktari wa Mashavu

Lul, muuza miraa wa soko la Garissa, hakumwamini yule daktari wa meno tangu alipoketi kivulini na tochi yake kichwani. Kila aliyekaa mbele yake alivutwa shavu taratibu, akasuguliwa ndani kwa kitambaa cheupe kilichozungushwa kidoleni, kisha daktari akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Kawaida tu," akachora kijistari daftarini. Alama za kujing'ata: kawaida tu. Weupe uliofutika ukabaki kwenye kitambaa: kawaida tu. Hata kidonda cha Korane, dereva wa lori la mbuzi, kawaida tu.

"Wallahi, huyu anaficha kitu," Lul alimnong'oneza jirani yake. "Watu wote hawa, kawaida?" Akapanga foleni ili amfumanie. Daktari akamsugua shavu la kushoto, lile alilotafunia miraa miaka ishirini. Akakitazama kitambaa: kilikuwa safi, ila weupe ulikuwa bado shavuni. Akachukua kingine, akasugua tena, nacho kikatoka safi; weupe haukufutika. Lul akalingoja lile neno alilolichukia asubuhi nzima. Daktari akazima tochi, akaweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ileile, "Mama, umekuja na nani?"