Makuti ya Bi Mize

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyojificha chooni. Usicheke. Nilikuwa mtu mzima mwenye masharubu, karani wa shamba la mkonge kule Muheza, kaptula imepigwa pasi ikasimama, nami nimejibanza kwenye choo cha uani kwetu Tongoni, huku mzee mwenye heshima zake anapiga hodi mlangoni.

Mzee huyo ni Faki, Mpemba, mkulima wa mpunga, na alikuja kwa habari ya nyumba yangu. Marehemu baba aliniachia mimi, mtoto wake pekee. Miaka ile ya hamsini nilishikwa na hamu ya kununua cherehani niwe fundi nguo Muheza, niachane na kuandika majina ya wakata mkonge. Mzee Faki na mkewe, Bi Mize, walikuwa wamepanga chumba kimoja kwa mtu pale Tongoni tangu waje kutoka Pemba. Mzee aliposikia nataka kuiuza nyumba, akataja bei, nikakubali mbele ya majirani wawili, tukapeana mkono, tukasoma Fatiha. Fedha angenipa akishauza mpunga, lakini neno lilikwishatoka.

Sasa, ndani ya nyumba ile alikuwa akiishi shangazi yangu, Mwanasha, aliyenilea tangu mama alipofariki. Sikumuuliza. Nilimwarifu tu: "Shangazi, nyumba nimeiuza, utakuja kukaa nami Muheza." Akajibu, "Haya, mwanangu," akaendelea kuchagua mchele. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikadhani amefurahi.

Wiki tatu baadaye nikarudi kumtazama. Uani nikakuta rundo la makuti mapya ya kuezekea. Paa letu lilikuwa limechoka na masika yamekaribia, kwa hiyo Bi Mize alishaanza kuyasuka kwa mikono yake, hakungoja hata kuhamia. Nikaingia jikoni. Kinu hakipo, mbuzi ya kukunia nazi haipo, mtungi wa maji haupo. Shangazi alikuwa amevigawa.

"Mbona umegawa vyombo?"

"Chumba chako cha Muheza nimekiona, mwanangu. Kitanda kikiingia, mtu anatoka. Mie nitakwenda Mwera, kwa watu wa marehemu mume wangu. Wamesema watanipa pa kulala."

Hakulia wala hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto, nikamwambia nyumba haiuzwi tena. Na hapo hapo nikafanya kosa la pili. Badala ya kwenda moja kwa moja kwa Mzee Faki, nikapanga kuondoka kesho yake na basi la asubuhi, nikiomba Mungu mambo yajimalize yenyewe. Lakini mzee alishasikia kwamba nimefika. Asubuhi, kabla sijafunga mkoba, hodi ikalia.

"Shangazi, mwambie nimekwisha kwenda Muheza," nikanong'ona, nikatokomea chooni.

Nikasikia wakisalimiana. Mzee Faki akauliza, "Mwenyewe yupo?"

"Yupo," shangazi akasema, kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu. "Amejificha chooni. Ana neno la kukwambia, linamtoa jasho. Pita uani ukae, atatoka tu."

Mzee akaketi juu ya makuti ya mkewe, akangoja. Mara moja moja anakohoa, kwa adabu. Mwanangu, vyoo vya zama zile havikuwa pahali pa kukaa mtu akafikiri. Nikatoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka salama?"

Nikamweleza yote: kwamba nimeghairi, kwamba hakuna aliyenipa bei zaidi yake, kwamba shangazi hana pa kwenda.

"Sie nasi chumba tushamrudishia mwenye nyumba," akasema. "Ungekuja jana, tangu jana ningekuwa natafuta pengine. Wanikimbilia nini, nami ni mtu wa kusema naye?"

Akainuka, akanipa mkono mbele ya shangazi. "Neno lako nimekurudishia. Kaa na mzee wako."

Alasiri akaja Bi Mize. Nikajua amefuata mali yake, nikaanza kuyabeba makuti kuyatoa nje. Yeye akainua macho, akatazama paa letu lililokuwa linaonyesha mbingu.

"Yaache," akasema. "Sie twenda kukaa kwa shemeji yangu, na kwake kuna bati. Nikabebe makuti ya nini? Mwezekee Bi Mwanasha, mvua zi njiani."

Nilipompa mkono wa shukrani nikaviona vidole vyake. Vilikuwa vimechanikachanika kwa kazi ile, naye alifanya kazi ile kwa sababu mimi nilisema ndiyo.

Masika yale shangazi hakudondokewa na tone hata moja. Alikaa nyumba ile mpaka Mungu alipomchukua. Cherehani niliipata baadaye, polepole, na kanzu ya kwanza niliyoshona ilikuwa ya Mzee Faki. Mkono mmoja ulizidi mwingine. Akaivaa Idi hivyo hivyo, akinisifu kwa kila mtu. Nawashukuru watu wale mpaka leo, kila mvua inaponikuta ndani.

Basi, mwanangu, usiuze kitu ambacho mtu anaishi ndani yake kabla hujamuuliza, hata kama ni chako peke yako. Na "haya" ya mzee isikudanganye, mtazame usoni. Ukishatoa neno, jua kuwa mwenzio ameanza kusuka makuti. Ikikulazimu kughairi, nenda siku ile ile, kwa miguu yako, umwambie mwenyewe, kwani kila siku unayochelewa ni siku unayomwibia.

Mungu akupe nyumba isiyovuja na majirani kama wale. Na siku utakapojificha, maana utajificha tu, akujaalie mtu anayekupenda kiasi cha kusema ulipo.